Dakika Ishirini na Mbili Angani

Ellis Cove, Tennessee
Jumapili, 13 Januari 2019

Mpendwa Dada Kendra,

Leo ni tarehe kumi na tatu Januari, na naanza kwa kuapa kwamba katika barua hizi nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo Mama atasema nisikuandikie. Ulipoondoka ulisema kambini hamruhusiwi simu, na kwamba mtu asiyepata habari za nyumbani huzitunga mwenyewe kichwani. Basi nitakupa za kweli. Anwani yako tumeipata jana.

Sisi hatujambo. Baba anatembea mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi. Akirudi anahema, lakini anasema kosa si lake, ni kilima kimeongezeka tangu Novemba, alipoanguka.

Bili ya helikopta ilifika Jumatano. Mama hakutaka kuifungua, akaiweka juu ya friji pamoja na zile za hospitali. Baba akaishusha, akaisoma amesimama, kisha akakaa. Dola 47,316. Dada, walimbeba dakika ishirini na mbili tu. Baba akasema, "Kwa pesa hizi wangeniachia hata usukani nishike kidogo."

Mama hakucheka. "Doyle, hebu acha mzaha."

"Sasa nisipofanya mzaha nifanye nini, Mama Kendra? Nilie? Hata kulia watalipisha."

Ya hospitali ni dola 88,204 kwa siku nne, pamoja na kile kimrija cha waya walichomwekea kwenye mshipa wa moyo. Unajua kwamba mshipa wa pili nao umeanza kuziba, na daktari alisema lazima uzibuliwe kabla Machi haijaisha. Amepangiwa tarehe 28. Hapo ndipo penye shida. Baba amekataa. Alizipanga bili mezani kama karata, akatuambia hatatia mguu pale tena mpaka amalize kulipia safari ya kwanza. "Sijawahi kukopa dukani mara mbili bila kulipa ya kwanza, na sianzi leo," alisema. Mama akamwambia moyo si duka. Baba akasema, "Kawaambie wao."

Jambo jingine ni jirani yetu, Bwana Overbey. Baba bado hasemi naye. Miaka kumi na moja wamewinda kulungu pamoja, na sasa akipita na pikapu yake Baba anageuza kiti. Anasema siku ile, akiwa chini pale jikoni, alitamka wazi mtu asipige simu, kwamba Kendra akitoka kazini atampeleka kwa gari letu. Anasema Overbey, kwa kuwa ni kapteni wa kikosi cha zimamoto, alikimbilia redio yake bila kumwuliza mwenye kifua. Kama hospitali ya kaunti yetu isingefungwa, gari la wagonjwa lingetosha, lakini sasa ya karibu iko ng'ambo ya mlima, kwa hiyo waliita helikopta. Bwana Overbey hajibu kitu. Anapita tu, anapunga mkono.

Mimi nina mpango. Nataka tuandae chakula cha mchango kwenye ukumbi wa zimamoto, kama kile walichomfanyia mtoto wa kina Lovelace alipougua saratani ya damu. Maharagwe, mkate wa mahindi na mnada wa keki. Bi. Stooksbury, mwalimu wetu wa afya, amekubali kuandika matangazo. Usimwambie Baba ukimwandikia.

Tafadhali kula vizuri, na usigombane na sajini wako.

Mdogo wako akupendaye,
Raelynn


Kambini, South Carolina
Jumapili, 20 Januari

Rae,

Nina dakika kumi na tano, na mkono unanitetemeka kwa sababu ya mazoezi, si kwa sababu nyingine, kwa hiyo usianze kulia. Barua yako niliisoma chooni. Hapa ndipo mtu anapopata faragha.

Niko salama. Sajini wetu anapiga kelele hata akikuambia umefanya vizuri. Jana kaniita "kuku wa Tennessee" mbele ya wote, na bado sijui kama lilikuwa tusi au pongezi. Mwambie Baba kwamba kutandika kitanda ninajua sasa. Hataamini.

Sikiliza. Kitanda cha juu yangu analala msichana anaitwa Oquendo, kutoka Florida. Mama yake anafanya usafi hospitalini. Anasema kila hospitali isiyo ya kutafuta faida, kama hiyo yetu, ina fomu ya msamaha wa gharama kwa watu wasio na uwezo, lakini hawaitangazi. Lazima uiombe mwenyewe. Mama yake aliwaombea majirani wanne, wote wakafutiwa. Piga simu, uliza ofisi ya msamaha, usikubali wakuambie subiri. Wewe una sauti nzuri ya simu, ya mtoto wa shule ya Jumapili. Itumie.

Wakimsamehe, basi na ile ya Machi watafanya bure. Baba hatakuwa na sababu tena.

Kuhusu Overbey, mimi ningefika baada ya dakika arobaini tu. Arobaini, Rae. Nilikuwa nafunga duka. Ningemchukua na pikapu, na hiyo helikopta isingekuwepo. Nikirudi sijui kama nitamsalimia yule mzee.

Na msiulize tena kwa nini nimejiunga na jeshi. Nimeshasema, nataka kuona dunia.

Kendra


Ellis Cove
Jumapili, 3 Februari

Mpendwa Dada Kendra,

Nina habari njema mbili, na vidole vyangu bado vinanuka vitunguu.

Ya kwanza: fomu ipo! Oquendo alisema kweli. Nilipiga simu nikiwa shuleni, ofisini kwa Bi. Stooksbury, nikapitishwa kwa watu watano mpaka nikampata mama mmoja anayeitwa Bi. Renata. Alinisikiliza. Aliuliza mshahara wa Baba wa pale kwenye kiwanda cha mbao na wa Mama wa dukani, akasema, "Mpenzi, kwa mapato hayo nyinyi mnafaa kabisa. Nakutumia fomu leo." Ikafika. Kurasa sita. Mimi na Mama tulikaa nayo mezani Jumanne. Ukurasa wa nne unasema akiba ya familia benki isizidi dola elfu tano, na tuambatishe taarifa ya benki ya siku ile tutakayopeleka fomu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Tulikuwa na dola 412. Alisema, "Kwa mara ya kwanza umaskini wetu una faida."

Tungeipeleka Ijumaa, ila kalamu yangu ilivuja kwenye ukurasa wa mwisho, juu kabisa ya mahali pa sahihi. Mama alisema haidhuru, doa dogo tu. Lakini tumefundishwa kwamba fomu rasmi haipelekwi ikiwa na madoa wala kufutwafutwa, na sikutaka watuone watu wasiojali. Nimemwomba Bi. Renata nakala nyingine. Inakuja kwa posta wiki hii.

Ya pili ni jana. Dada, ungekuwepo! Ukumbi ulijaa mpaka magari ya zimamoto ikabidi yatolewe nje. Bwana Overbey alianza kupika maharagwe alfajiri, masufuria manne, hakumwachia mtu mwiko. Mikebe yenye picha ya Baba ilikuwa imekaa vituo vyote vya mafuta wiki tatu, ile picha ameshika bata mzinga, na Baba alipoiona mara ya kwanza alisema wamemweka kama jambazi anayetafutwa. Aliposikia habari ya chakula alinuna siku mbili. Lakini alikuja. Alivaa shati la harusi ya shangazi. Alisimama karibu na mlango, na kila aliyemsogelea alimwambia, "Kula, kula, usinitazame."

Keki ya Bi. Lovelace iliuzwa dola mia tatu. Mnunuzi akairudisha mnadani, ikauzwa tena mia mbili, naye akairudisha. Mara tano! Mwishowe hakuna aliyeila, ilikuwa imeshikwashikwa mno. Kisha vijana wa kikosi wakapitisha lile buti lao la zimamoto meza hadi meza, watu wakitia ndani noti. Bi. Stooksbury alihesabu mbele ya wote. Dola 6,840. Baba akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta anatazama mlima. Akasema, "Nitawarudishiaje watu hawa?" Nikamwambia hawakukopesha.

Pesa bado ziko ndani ya buti, chini ya kitanda cha Mama. Kesho atazipeleka benki kabla hajaingia kazini. Anasema pesa za watu lazima zikae mahali penye risiti.

Nina tumaini kubwa. Nikilala naona tarehe 28 Machi, Baba anaingia hospitali kwa miguu yake.

Mdogo wako,
Raelynn


Kambini
Jumapili, 10 Februari

Rae,

Barua yako imefika Ijumaa, lakini kalamu napewa leo. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka kwa ile keki. Nimeisoma mara ya pili, kijasho kikanitoka.

Zile pesa ziko wapi? Elfu sita na mia nane, na fomu inasema elfu tano. Kama Mama hajazipeleka benki, ziacheni ndani ya buti. Mrudishieni Bi. Stooksbury azishike yeye, au kanisa. Mtu yeyote, ila si akaunti ya Baba, mpaka fomu ijibiwe. Natamani ningekuwa na simu kwa dakika moja tu. Nimemwomba sajini. Amesema dharura ni kifo.

Labda nimechelewa. Labda nyinyi nanyi mmechelewa kuzipeleka. Nijibu upesi.

Kwa kuwa wewe umeapa, na mimi nikuambie langu. Sikuja huku kuona dunia. Mtu wa jeshi aliyekuja dukani alinionyesha karatasi yenye bonasi ya kujiunga, dola elfu kumi na mbili, nusu napewa nikifika kituo changu cha kwanza. Bili za hospitali zilikuwa zimekuja wiki ile. Nilitia sahihi palepale kaunta. Baba asijue.

Wiki iliyopita nilipata homa na kifua. Walinipeleka kwa daktari, akanipima, akanipa dawa, nikalazwa usiku mmoja. Asubuhi nikakaa kitandani nimevaa viatu, nasubiri mtu aje na karatasi ya kulipa. Nesi akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia. Akasema, "Hakuna. Nenda." Rae, sijalia tangu nifike hapa, kwa kelele zote za sajini, lakini pale nililia.

Kendra


Ellis Cove
Jumanne, 26 Februari

Mpendwa Dada Kendra,

Umechelewa siku sita tu. Barua yako ilifika tarehe 14. Fomu tulikuwa tumeipeleka tarehe 8, safi, bila doa, na taarifa ya benki ya asubuhi ileile: dola 7,252.

Jibu limekuja jana. Ni ukurasa mmoja. Unasema wanasikitika, akiba yetu imevuka kiwango, na tunaweza kuomba tena baada ya miezi sita.

Nilimpigia Bi. Renata. Nilimweleza zile pesa ni za nini. Akasema, "Jamani, mpenzi. Si ungeniuliza kwanza." Nikamwambia pesa zenyewe si zetu, ni za maharagwe. Akasema, "Mimi najua. Kompyuta haijui maharagwe." Nikauliza, je, kama tungeleta ile fomu ya kwanza, yenye doa? Akasema niache hilo. Nikauliza tena. Akasema doa wasingeliangalia.

Nilimweleza Baba mwenyewe, kwa sababu Mama hakuweza. Nilidhani atapiga meza. Hakupiga. Aliniambia, "Mwandiko wako ulikuwa mzuri sana." Ingekuwa heri angepiga meza.

Kisha akavaa kofia, akaenda benki, akatoa zile 6,840 zote na kuzituma kwa kampuni ya helikopta. Mama alimfuata mpaka barabarani. "Doyle, tuziweke zisaidie hiyo ya Machi!" Baba akasema, "Watu walizitoa kwa ajili ya bili. Zitaenda kwenye bili. Sitaki mtu aseme Doyle Hatmaker alikula mchango." Kwa hiyo sasa hatuna msamaha, na pesa hatuna. Deni la helikopta limebaki dola 40,476.

Baada ya chakula cha mchana akapiga simu hospitali. Nilikuwa naosha vyombo. Nilimsikia akisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeghairi chakula cha jioni, "Naomba mniondoe tarehe 28. Asante. Na wewe pia."

Dada, kuna kitu sijakuambia, na niliapa. Ukikisoma unaweza kunichukia.

Si Bwana Overbey aliyepiga simu. Ni mimi.

Baba alikuwa chini karibu na jiko. Jasho la baridi, mkono wa kushoto, taya. Tulikuwa tumefanya mtihani wa dalili hizo mwezi ule, nilipata tisini na nane. Aliniambia, "Usipige simu, Rae. Unanisikia? Kendra anakuja." Nikasema sawa, Baba. Nikaenda bafuni na ile simu ya ukutani isiyo na waya, nikafungua bomba la maji mpaka mwisho ili asisikie, nikapiga nambari ya dharura. Nilijibu maswali yote vizuri. Bwana Overbey alisikia kwenye redio yake kwamba mpigaji ni msichana, akaruka ua akaja na mkoba wa huduma ya kwanza. Alifika kabla sijafunga bomba.

Hospitalini, Baba alipopata nguvu ya kusema, alimgombeza Bwana Overbey mbele yangu. "Nani alikuambia upige?" Bwana Overbey alinitazama. Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika koti la Baba. Nikanyamaza. Akasema, "Haya, Doyle. Ni mimi basi." Amebeba hivyo miezi mitatu. Hajawahi kuniuliza.

Kama ningemtii Baba, wewe ungekuwa nyumbani. Kama ningeipeleka fomu na doa lake, tungekuwa tumesamehewa. Kila nilichofundishwa kufanya nimekifanya sawasawa, na kila nilichofanya kimetugharimu.

Raelynn


Kambini
Jumapili, 3 Machi

Rae,

Barua ya kwanza niliyoandika kukujibu nimeichana. Ilikuwa na hasira. Dakika arobaini, nilikuwa nimeandika, dakika arobaini tu usingeweza kungoja. Oquendo akaniuliza ninachana nini. Nikamsomea barua yako. Akaniuliza, kutoka kwenu mpaka hospitali ni mwendo gani? Nikamwambia kwa pikapu, saa moja na robo, mlima wote ule. Akaanza kuhesabu kwa vidole: arobaini za kunisubiri, kisha saa na robo. Hakumaliza. Alinirudishia karatasi yako, akapanda kitandani kwake.

Ningemwua Baba njiani, Rae. Mimi, kwa kuendesha gari. Ningefika na maiti, na redio ikiwa wazi.

Sasa nisikilize, kwa sababu na mimi nina la Novemba, tena ni la kabla yake. Oktoba tulikuwa tunapakia mbao, mimi na Baba. Akakaa ghafla nyuma ya pikapu. Rangi ilimtoka. Nikamwambia twende kwa daktari. Akasema, "Kumwona tu ni dola mia tatu na hamsini, na ataniambia nipunguze nyama. Usimwambie mama yako." Nikasema poa. Akaninunulia soda. Nikainywa, Rae. Nikasahau kabisa mpaka siku ile ya kuanguka.

Oktoba ingekuwa vidonge. Ingekuwa mia tatu na hamsini. Mimi niliambiwa ninyamaze nikatii, wewe uliambiwa unyamaze ukaenda kufungua bomba. Basi usiniandikie tena kwamba umetugharimu. Sitaki kulisoma.

Ila Overbey. Hilo si sawa, na unalijua. Mimi mwenyewe nimemchukia kwa barua nzima mtu aliyekuwa anakufichia. Mwambie Baba. Usingoje nirudi. Wiki hii.

Na ile tarehe ya hospitali, irudisheni. Bonasi yangu nusu ya kwanza nitaituma siku nikiipata. Haitoshi, najua. Mwambie ni mkopo, atakubali mkopo.

Dada yako,
Kendra


Ellis Cove
Jumapili, 10 Machi

Mpendwa Dada Kendra,

Nimemwambia. Ilikuwa jana asubuhi. Alikuwa bandani ananoa mnyororo wa msumeno, ingawa daktari alimkataza msumeno wenyewe.

Nikasema, "Baba, nina neno."

"Sema, mwalimu."

Nikasema lote, nimesimama wima kama darasani, kwa sababu ningekaa ningeshindwa. Tupa ikasimama mkononi mwake. Akauliza, "Ulipigia wapi?"

"Bafuni. Nilifungua bomba."

Akaiweka tupa mezani. "Kumbe ni yale maji! Nilikuwa nimelala pale chini nasema, tazama mtoto huyu, baba yake anakufa, yeye anaoga." Akacheka, Dada. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka huku nalia, mpaka Mama akatoka nje kuuliza kuna nini.

Kisha akaomba koti. Tukaenda kwa miguu hadi kwa Bwana Overbey, ambaye alikuwa kibarazani anamenya viazi.

Baba akasema, "Virgil, wewe ni mwongo."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

Bwana Overbey akanitazama, akaona uso wangu, akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa basi, unanizibia jua." Wakamenya viazi pamoja. Hawakuongea jambo lolote la maana, ni kulungu tu na bei ya matairi. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Niliwaza, nitakuandikia barua fupi ya furaha, ya kwanza tangu uende.

Ilikuwa wakati wa kurudi. Baba alisimama kwenye kilima mara mbili. Mara ya kwanza akajifanya anatazama ua wa Lovelace. Mara ya pili hakujifanya. Alishika nguzo, jasho limemtoka juu ya mdomo, na upepo ulikuwa wa baridi. Nikasema, Baba, tuiombe tena ile tarehe 28. Kendra ana pesa, ni mkopo. Bi. Renata ameandika jina letu kwa Agosti, na amesema atatuma fomu mbili, moja ya kuchafua.

Akasema, "Agosti ni vizuri." Kisha akaninyoosha kola, akaanza kuniambia jambo kwa sauti ileile anayotumia kuniambia ufunguo wa akiba uko wapi.

Alisema nyumba ilikwisha kulipiwa na babu, ndiyo kitu pekee tulicho nacho. Alisema akiingia hospitali tena kabla ya Agosti, watakuja kuchukua nyumba. Akasema, "Nikienda mimi, madeni yanaondoka na mimi. Nikibaki nusu mzima, yanabaki na nyinyi." Sijui kama ni kweli kisheria. Nilitaka kumwuliza Bi. Stooksbury, lakini Baba alisema hili liwe letu wawili. Pesa za Kendra hazitaki, alisema, Kendra anunue gari. Alikuwa amejua habari ya bonasi muda wote. Yule mtu wa jeshi alimtajia dukani alipompa pole.

Kisha akasema, "Kwa hiyo, Rae, siku nyingine usipige. Safari ile ulifanya walivyokufundisha, na mimi sina kinyongo hata chembe, umenipa majira ya baridi mazima na maharagwe ya bure. Lakini sasa nakuomba kama baba. Mpaka Agosti, ikitokea, kaa na mimi tu. Nishike mkono. Niahidi."

Nilisema nina mtihani wa aljebra. Ndicho kilichonitoka mdomoni. Akatabasamu. Akasema hanilazimishi leo, ananipa wiki mbili nifikirie, kwa sababu anajua mimi nikiahidi kitu nakitimiza.

Dada, Mama anaingia kazini saa sita mchana siku nne kwa wiki. Nikitoka shule ni mimi na Baba peke yetu hadi jioni. Simu iko ukutani, hatua nane kutoka kiti chake. Nimezipima.

Nimejaribu kuandika jibu kwenye daftari langu, kwanza kurasa za ndiyo, halafu kurasa za hapana. Zote mbili zinasomeka kama insha nzuri. Hakuna hata moja ninayoweza kumsomea akiwa ananitazama.

Wewe unamjua kuliko mimi, na wewe uliambiwa unyamaze ukanyamaza, mimi sikunyamaza, kwa hiyo kati yetu tunajua pande zote mbili. Tafadhali usinijibu kwamba hali itakuwa nzuri. Usinitumie pesa badala ya jibu. Nijibu kwa posta ya kurudi, hata kama ni neno moja nyuma ya bahasha: akianguka tena, na amenishika mkono, niutoe nikapige simu, au nikae?

Mdogo wako,
Raelynn